Bibi wa Uji na Neno la Mgonjwa

Bibi wa uji hakuwa mtu mpole, na naanza na hilo kwa sababu mtaa wetu mzima wa Wandegeya, hapa Kampala, utakwambia vingine. Watakwambia alikuwa malaika. Malaika gani anayekunyang'anya mwiko mbele za watu na kukuambia unakoroga kama fundi wa simenti? Mimi nimefanya kazi chini yake miaka minne. Nimekula chumvi yake, nimelia kwenye khanga yake, na nimemgeuzia mgongo kaburini. Nadhani hiyo inanipa haki ya kumsema.

Jina lake nalijua, ila hakuna aliyelitumia. Wauguzi, wagonjwa, askari wa getini, wote walimwita Bibi wa uji. Kila asubuhi alipika sufuria mbili kubwa katika kijumba kilicho nyuma ya duka la fotokopi la mpwa wake, halafu tukazibeba hadi hospitali moja ambayo sitaitaja. Kama hujawahi kulazwa kwetu, uelewe kwanza jambo hili. Muuguzi atakuchoma sindano, lakini kukulisha, kukuogesha na kukufulia shuka ni kazi ya mwangalizi uliyekuja naye, yaani mtu wako, anayelala sakafuni kando ya kitanda chako. Asiye na mtu anakaa na njaa yake na uchafu wake. Bibi alikuwa anawatafuta hao, kitanda kwa kitanda, na sisi wa kujitolea, watu saba au wanane hivi, tulimfuata na mabeseni.

Mimi nilimfikia nikiwa sina mtu pia, ingawa nilikuwa na afya yangu. Sisi ni Wakenya. Mama alituleta Kampala mimi na mdogo wangu tukiwa watoto, akafungua duka la vitambaa mtaa wa Ntinda, na huko huko Ntinda akaingia kwenye Kundi. Ndivyo walivyojiita, Kundi, basi. Hakuna redio, hakuna picha, hakuna kula na watu wa nje, hakuna hospitali, hakuna hata kidonge cha kichwa. Mungu ataponya au hataponya. Nilikaa humo hadi nikafika miaka ishirini na sita, nikiamini kila neno. Ndipo mdogo wangu akashikwa na homa siku nne mfululizo, akaanza kuweweseka, nami nikatoka mbio hadi duka la dawa, nikanunua vidonge vya malaria, nikavisaga kwenye chai yake. Akapona. Jumamosi iliyofuata alisimama mbele ya watu wote akatubu kupona kwake, na akanitaja. Unasikia? Ametubu kupona! Na mimi nikaambiwa nitubu kuponya. Haki ya Mungu, nilijaribu. Nilifungua mdomo na neno likakataa kutoka.

Kwetu kila mtu alikuwa na kiti chake ukumbini. Ukitengwa, kiti chako kinageuzwa kutazama ukuta kwa Jumamosi saba, upate aibu urudi. Usiporudi kinatolewa nje, na tangu siku hiyo hakuna anayetamka jina lako, hata aliyekuzaa. Desturi ni kwamba mzazi ndiye anayekigeuza. Nilikuwa nimesimama mlangoni mama alipokigeuza changu. Alikishika kwa mikono miwili, polepole, kisikwaruze sakafu.

Nikapanga chumba Wandegeya, katikati ya hosteli za wanafunzi, nikapata kazi kwenye lile duka la fotokopi. Miezi miwili sikuzungumza na binadamu zaidi ya kuuliza kurasa ngapi. Nilikuwa nikirudi chumbani na chapati yangu ya mayai, nala nikitazama mlango, kama kuna mtu atakayebisha. Siku moja kikongwe mmoja mnene alichungulia kutoka uani, akanipima juu hadi chini.

"Wewe. Una mikono mingapi?"

"Miwili, Bibi."

"Basi mmoja ulete huku, sufuria inaungua."

Huo ndio ulikuwa wito wangu. Hapakuwa na maombi wala ubatizo.

Kiswahili chake kilikuwa kile cha nyumbani kwao, kilichokuja Kampala na wafanyabiashara wa pwani zamani, kikabaki safi ndani ya familia chache za Kiislamu. Alikionea wivu kama mali. Hapa mtu akikusikia unaongea Kiswahili barabarani anakumbuka askari na kizuizi, anatafuta kitambulisho chake mfukoni. Bibi hilo lilimuudhi kuliko kitu chochote, na aliyebeba mzigo wa hasira hiyo ni Afande. Afande alikuwa polisi mstaafu, mtu mkubwa mpole, ndiye aliyetubebea sufuria.

"Mama, uji iko tayali. Sisi nakwenda sasa?"

"Afande, miaka kumi nakufundisha, na bado unaniongelea kama unanikamata."

"Pore, mama."

"Si pore! Na hata hiyo pole sitaki kuisikia."

Ni kweli, pole hakuitaka. Wodini alitukataza kabisa kulisema neno hilo. Alisema mgonjwa amepewa pole mpaka ameshiba, na hakuna pole iliyowahi kufua shuka. Mtu analia, unamwosha uso. Mtu anakwambia mumewe amemtoroka, unamuuliza anataka uji wenye limau au mtupu. Nilidhani ni ukatili. Baadaye nikaona wagonjwa walivyokuwa wakimsubiri huyo mkatili, shingo zimegeukia mlangoni kuanzia saa moja asubuhi.

Alikuwa akionja joto la uji kwa kudondosha tone nyuma ya mkono, kama anayelisha mtoto mchanga, kila bakuli, hata kama mgonjwa ni dereva wa lori mwenye ndevu. Na wakati huo huo alikuwa bahili wa sukari asiyesikia la mtu! Kijiko kimoja kwa bakuli, kimepigwa usawa kwa kidole. Ukiongeza cha pili anakusikia, sijui alisikia vipi, akiwa amekupa mgongo. "Unataka kumpendeza mgonjwa au unataka sifa?" Halafu yeye mwenyewe anakunywa chai ya vijiko vitano kijumbani, anatutazama usoni, hakuna anayethubutu.

Kuhusu dini alikuwa na msemo wake, ambao ulinifanya nimpende siku ileile ya kwanza: "Usimuulize anaabudu nani, muulize amekula lini." Yeye alikuwa mtu wa swala tano, alijitenga nyuma ya pazia la stoo ya wauguzi akaswali, akarudi bila kumwalika mtu. Sisi hatukuruhusiwa kuombea mgonjwa kwa sauti asipoomba mwenyewe. Alikuja mhubiri mmoja na kipaza sauti chake, anasimama katikati ya vitanda anawaita watu waokoke. Bibi akamfuata na mwiko mkononi. "Wewe bwana, nenda kahubiri stendi. Hawa unawapenda kwa sababu hawawezi kukimbia." Yule bwana alitoka akipunguza sauti hatua kwa hatua. Nilitaka kumbusu Bibi miguu.

Mimi niliyelelewa nisile na watu wa nje, mara yangu ya kwanza kula sinia moja na watu ilikuwa kwake, siku ya Idi. Pilau, mikono minane, mkono wa Afande ukinisogezea nyama upande wangu bila kusema kitu. Nikaanza kutokwa na machozi kama bomba bovu. Mikono ikasimama kwenye sinia. Bibi akasema, "Ni pilipili, mwacheni," akanipa pindo la khanga yake nijifute, na maongezi yakaendelea juu yangu kama hakuna kilichotokea. Tangu hapo nikawa na watu. Jumamosi zangu, zile siku za ukumbini ambazo zilikuwa zikiniua, zikawa siku za kufua mashuka na kusikiliza umbea.

Maana umbea ulikuwapo, wee! Bibi alijua nani anaoa, nani anaachwa, mhadhiri yupi analala kwa mwanafunzi yupi. Alipenda zile filamu za kigeni ambazo Kampala zina mtu wa kuzitafsiri kwa Kiganda juu kwa juu, anaongeza vichekesho vyake, na Bibi alikuwa akibishana na yule mfasiri kwenye televisheni: "Mwongo! Hakusema hivyo!" Kiingereza chenyewe hakujua. Lakini mtu huyuhuyu, mdomo wazi kama mlango wa soko, ukimuuliza mgonjwa wa kitanda cha nne amemwambia nini, anakuwa jiwe. Neno la mgonjwa linabaki kitandani kwake. Hiyo ndiyo sheria aliyotuapisha. Mtu aliyelala hana cha kwake, alisema, nguo si zake, choo si chake, mwili wenyewe wanaufunua wanapotaka. Amebaki na neno tu. Akikwambia usiseme, husemi, hata kwa daktari, hata kwa mumewe. Msichana mmoja wa kujitolea alimpigia simu baba wa mgonjwa, kwa huruma tu, mgonjwa alikuwa amekataza. Bibi alimvua aproni palepale koridoni. Nilisimama upande wa Bibi. Nilisema moyoni, safi kabisa, hapa kuna mtu mwenye msimamo.

Mpumbavu mimi.

Mwaka wa nne, asubuhi moja, alikuwa akigawa kazi kama kawaida. Mimi nilikuwa wa wodi ya wanawake tangu mwanzo, nilijua hadi kitanda kipi kinayumba. Akasema bila kunitazama, "Leo wewe watoto." Nikadhani ni ya siku moja. Kesho yake, watoto. Kesho kutwa, watoto. Wodi ya wanawake akaichukua mwenyewe, na magoti yake yale mabovu. Nilimuuliza kama nimemkosea. "Wanawake wamekuchoka," akanijibu. Nikaumia kidogo, nikazoea. Watoto wana raha yao. Siku kumi na tisa nikapita mlango wa wodi ya wanawake na mabakuli yangu, asubuhi na jioni, sikuingia hata mara moja, kwa sababu Bibi alikuwa hapendi mtu wa wodi hii kuzurura wodi ile.

Siku ya ishirini nilimkuta ameketi kijumbani na sufuria hazijawekwa motoni. Bibi hakuwa mtu wa kuketi asubuhi.

"Kaa," akasema.

Sikukaa.

"Mama yako alikuwa kule kwa wanawake. Alianguka njiani Ntinda, wapita njia wakamleta. Amefariki alfajiri. Nimemwosha mimi kwa mikono yangu."

Nikamuuliza alikuwa pale siku ngapi. Sikuwa na haja ya jibu, nilishajua.

"Ulimjuaje?"

"Mna uso mmoja. Na alipotaja jina lake, lile ulilonitajia, nikahakikisha."

"Kwa nini hukuniita?"

"Alisema usiitwe."

"Basi?"

"Basi, mwanangu. Alisema usiitwe."

Nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika, na mwiko niliurusha, ukampita sikioni. Hakukwepa. Afande alinishika mabega akanitoa uani kama anavyotolewa mlevi, naye analia kuliko mimi.

Hebu fikiri. Mama alipolazwa kitandani pale, tayari Kundi lilikuwa limemtupa, maana ameguswa na daktari. Kiti chake kilishageuzwa. Mzazi hana, kwa hiyo atakuwa alikigeuza mdogo wangu. Tulikuwa wawili tuliotupwa, mama na mwana, koridoni moja, na bado akasema nisiitwe. Nilielewa jambo moja tu katika hayo: kwamba mama alinikataa hadi pumzi ya mwisho. Hata baada ya Kundi kumwacha afe peke yake, alishika sheria yao kwa meno ili asinione. Nililala na hilo, nikaamka nalo. Nilitoa fotokopi za watu nalo.

Tulimzika sisi. Kundi halikuja. Mdogo wangu alisimama ng'ambo ya barabara na kitambaa chake cheupe kichwani, hakuvuka. Bibi alisimama upande wa pili wa kaburi amejifunika khanga, na alipoinama kuchukua udongo, nikamgeuzia mgongo mbele ya wote. Afande alisema taratibu, "Wewe hapana fanya hivyo, dada." Nilifanya.

Hasira yangu kwake niieleze vizuri, isije ikadhaniwa ni ya mfiwa tu. Niliwakimbia watu wanaopenda sheria kuliko mtu. Nikatupa kila kitu, mama, mdogo wangu, Jumamosi zangu zote, ili nisiwe mtu wa namna hiyo. Nikaangukia kwa mama mwingine, ana uji, ana pilau, ana vichekesho, na siku ilipofika naye akanionyesha sheria. Yule msichana wa koridoni alikuwa sahihi! Angekuwa yeye zamu, ningemwona mama yangu.

Mwaka mzima sikukanyaga hospitali, na nikahamia duka jingine. Halafu nikarudi, na aibu ninayo ya kusema kwa nini: Jumamosi zilikuwa ndefu na sikuwa na watu wengine duniani. Hata kumkasirikia Bibi nilihitaji kukaa na watu wake, kwa sababu ndio pekee waliojua ninachokasirikia. Bahati nzuri au mbaya, yeye mwenyewe alikuwa haji tena. Miguu ilikuwa imekataa, binti yake alimchukua kwake Ggaba, kando ya ziwa. Sufuria zilikuwa chini ya Afande. Uji wake ulikuwa na mabuja, sukari vijiko vitatu, na wagonjwa walimpenda, lakini hawakugeuza shingo.

Ikapita miaka mingine miwili. Mwezi uliopita Afande alinisubiri nimalize kuogesha, akanivuta pembeni.

"Mama ya uji naitisha wewe. Yeye iko kwisha, dada. Wewe nakwenda ama hapana?"

"Hapana."

"Haya," akasema, akanipa maelekezo ya nyumba hata hivyo.

Nilikwenda. Nyumba iko juu kidogo ya soko la samaki, harufu inapanda moja kwa moja hadi dirishani, na Bibi, mjukuu wa watu wa pwani, alichukia samaki maisha yake yote. Nilimkuta ameegeshwa kwenye mito, amekonda hadi mifupa ya shavu imetokeza, yule mnene. Msichana wa kazi alikuwa ametoka tu na bakuli lililoliwa nusu.

"Umekuja kuniona au umekuja kuhakikisha?" akauliza.

"Vyote viwili."

"Vizuri. Keti. Wananilisha gundi humu."

Nikaketi. Aliuliza habari za Afande, akamtukana kidogo, akachoka. Kisha akasema, akitazama dari, "Nilidhani naweza kufa nalo. Siwezi. Kuna neno la mama yako."

Nikamwambia neno la mama yangu nalijua, alisema nisiitwe, ahsante sana.

"Hilo ni nusu."

Akaniambia. Ukuta kati ya wanawake na watoto ni wa mbao na haufiki darini, hilo hata mimi nalijua. Siku ya kwanza Bibi alinihamisha ili nisimkute mama ghafla; siku ya pili alimwinamia mama akamwambia, binti yako yuko upande wa pili, nimwite? Mama akasema, "Najua yuko pale. Namsikia anavyocheka na watoto. Kwetu hajawahi kucheka hivyo. Usimwite. Akiniona hapa atanyamaza." Na akamuapisha. Halafu, Bibi anasema, kila asubuhi baada ya uji aliomba ageuziwe upande wa ukuta.

Sikumbuki nilikaa vipi. Nakumbuka nilikuwa nimeshika chuma cha kitanda.

"Miaka mitatu," nikamwambia. "Miaka mitatu umeniacha niamini mama alinikataa. Alikuwa amekufa, Bibi! Ulikuwa unamlindia nani?"

"Niliapa."

"Na mimi?"

Akageuza uso, yule mwanamke ambaye mwiko ulimpita sikioni hakupepesa.

"Ningenyamaza," nikasema. "Ningekaa pale kimya siku kumi na tisa, nimemshika mkono. Nani aliwaambia nyinyi wawili kwamba nataka kucheka?"

"Najua," akasema.

Ndilo neno la karibu kabisa na samahani nililowahi kulisikia kinywani mwake. Nilimvuta mto ukamkaa vizuri mgongoni, kwa sababu ulikuwa umempinda, nikatoka bila kuaga. Alifariki wiki ile ile. Watu wananiuliza kama nilimsamehe kabla hajaondoka, wanauliza kwa sauti ya matanga, wakisubiri niseme ndiyo. Sikumsamehe. Kesho ni Jumamosi, niko zamu kwa watoto, na sijui nitafungua vipi mdomo nicheke mbele yao.